Kabla ya kubadili mtutu, iulize bolti

Wengi wanaouliza habari za kubadili kaliba, yaani ukubwa wa risasi, ya bunduki ya kuwindia huanzia mwishoni. Risasi wameshaichagua, wameisikia ikisifiwa kambini, kilichobaki ni kutafuta fundi. Bunduki yenyewe, iliyolala kwenye sefu nyumbani, haijaulizwa lolote. Kwa miaka kadhaa nimekuwa msaidizi wa fundi mwenye leseni hapa Arusha, anayehudumia bunduki za kambi za uwindaji na za watu binafsi, na nimeona jinsi kuanzia mwishoni kunavyowamaliza watu fedha. Naomba nilianze jambo hili pale linapoanzia.

Masika yaliyopita alikuja mzee mmoja, mkulima wa Usa River, amebeba bunduki kwenye mfuko wa turubai na leseni yake ndani ya bahasha ya kaki.

"Shikamoo, baba," fundi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hii aliniachia marehemu baba, na polisi nilishaiandikisha kwa jina langu. Mtutu umeliwa na kutu. Sasa nimeambiwa maadamu mtutu unabadilishwa, mniwekee wa .375 moja kwa moja, niwe na bunduki ya nyati."

Ilikuwa Mauser ya .30-06. Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alihakikisha chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na magazini ni tupu, akachomoa bolti, kile chuma kinachoteleza kuifunga chemba kwa nyuma, akailaza mezani juu ya kitambaa. Kisha akatoa kwenye droo maganda mawili matupu, moja la .30-06 na jingine la .375 H&H, akampa mzee venia, kile kifaa cha kupimia vipenyo, apime kitako cha kila moja. La kwanza lilisoma milimita 12. La pili 13.5. Akamwomba alikalishe lile la pili kwenye uso wa bolti. Likagoma. Lilikaa juu ya ukingo kama sufuria iliyozidi jiko.

Mzee alilijaribu mara tatu, akaliweka chini, akavuta kiti.

Koo za risasi

Ukitazama bunduki ya bolti kwa nje, mtutu umefungwa kwenye mwili kwa thredi, kama bomba la maji linavyoingia kwenye soketi. Ndiyo maana mtu hudhani kazi yote ni ya spana: fungua wa zamani, funga mpya. Lakini mtutu ni nusu tu ya nyumba ya risasi. Nusu ya pili ni uso wa bolti, yaani kile kijishimo cha mviringo kwenye ncha yake. Kitako cha risasi hukaa humo, ukucha wa kuvutia ganda hukishika pembeni, na sindano hutokea katikati kupiga fataki inayowasha baruti. Kijishimo hicho kimechongwa kwa kipenyo cha ukoo fulani wa risasi, na ukoo huo ndio unaoamua ni mitutu gani inaweza kufungwa bila bolti kuguswa.

Paul Mauser alipotoa muundo wake wa mwaka 1898, ule uliokuja kuigwa na nusu ya dunia, risasi ya jeshi la Ujerumani ilikuwa na kitako cha karibu milimita 12. Wamarekani walipotengeneza .30-06 mwaka 1906 walibaki kwenye kipimo hicho hicho. Ukoo ukaendelea kuzaa: .270 Winchester mwaka 1925, .308 Winchester mwaka 1952, .243 mwaka 1955, hata 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007. Majina mbalimbali, vichwa (ile sehemu inayoruka) vya unene tofauti, kitako kimoja. Mtu mwenye .30-06 akitaka .270, fundi anabadilisha mtutu na karibu kila kitu kingine kinabaki kilivyo, kwa sababu .270 ni ganda la .30-06 lililobanwa shingo.

Ukoo wa pili ni wa .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Hawa utawatambua kwa mkanda wa shaba unaozunguka ganda juu kidogo ya kitako. Wamo .300 Winchester Magnum na .458 Winchester Magnum, wote milimita 13.5. Wapo wadogo wa .223 wenye kitako cha milimita 9.6, na yupo .416 Rigby wa mwaka 1911, mnene wa milimita 15. Kuhama ndani ya ukoo ni jambo la kawaida. Kuhama kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine ndiko kunakoleta maneno.

Inawezekana kupanua uso wa bolti kutoka milimita 12 hadi 13.5? Ndiyo, na imefanyika mara nyingi. Ukingo unabaki mwembamba, ukucha unarekebishwa au kubadilishwa, na zile reli za magazini zinazoishika risasi zisubiri zamu zinachongwa upya ili ganda nene lipite bila kukwama. Yote haya mtu mwenye mkono mzuri anayaweza. Kinachonitia shaka mimi ni urefu.

Risasi kamili ya .30-06 ina urefu usiozidi kama milimita 85. Ya .375 H&H inafika 91. Milimita sita hizo hazipo kwenye magazini ya Mauser ya kawaida, kwa hiyo lazima zitolewe mahali, na mahali penyewe ni chuma cha mbele ya magazini, palepale nyuma ya kiti cha sikio la chini la bolti. Unapolaza mpini wa bolti, masikio mawili ya mbele, yaani vinundu vya chuma vya bolti, huingia kwenye viti vyake na kushikilia nguvu yote ya mlipuko. Ukichonga nyuma ya kiti, unapunguza ukuta unaozuia bolti isirudi kwa mwenye bunduki. Wapo mafundi wa zamani waliochonga hivyo, na baadhi ya bunduki zao zinapiga mpaka leo. Lakini kiwanda cha Mauser chenyewe kilitengeneza mwili mrefu kwa ajili ya risasi kubwa kama hizo. Kama waliobuni bunduki waliona haja ya mwili mwingine, sioni kwa nini sisi tuuchimbe ule mfupi.

Nguvu inakwenda wapi

Tairi la Land Cruiser barabarani hubeba presha ya bar mbili na nusu hivi. Ndani ya chemba ya .30-06, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na vipimo vya Ulaya ni bar 4,050. Ya .375 H&H ni 4,300. Tofauti inaonekana ndogo, lakini gesi haisukumi kwa presha peke yake, inasukuma kwa presha mara eneo, na ganda la .375 ni pana zaidi. Ukipiga hesabu ya vyote viwili, bolti inasukumwa nyuma kwa nguvu iliyozidi kama robo. Robo hiyo inaangukia masikio yale yale mawili, kwenye viti vile vile.

Halafu kuna umri wa chuma. Mauser nyingi za zamani hazikutengenezwa kwa chuma kigumu mwili mzima. Walitumia chuma laini, wakakigeuza ngozi yake tu kuwa ngumu kwa moto na kaboni. Ni ufundi mzuri, kwa sababu ndani panabaki pakivumilia kishindo bila kupasuka kama kioo. Lakini ukiilisha bunduki hiyo risasi zenye nguvu kuliko ilivyozoea, masikio ya bolti huanza kuzama kwenye viti, kidogo kidogo, kama mguu wa meza kwenye sakafu ya udongo. Jicho halioni. Mwenye bunduki hugundua siku bolti inapoanza kufunguka kwa shida na maganda kutoka yamechanika.

Wenye .303 za Lee-Enfield, ambazo Waingereza walizisambaza kote walikotawala, nao huuliza kama zinaweza kuwa .308. India ilifanya hivyo katika miaka ya 1960, kwenye kiwanda cha Ishapore, na ilibidi watumie chuma imara zaidi na magazini nyingine. Hawakufunga mtutu mpya kwenye mwili wa zamani wakaishia hapo. Lee-Enfield hufungia masikio yake nyuma, si mbele, na hujinyoosha kidogo kila inapopiga. Kwa .303 haina neno. Mwenye nayo aiache hivyo.

Risasi iliyozaliwa kwa ajili ya huku

Nikaribie kidogo historia, kwa sababu inamgusa huyu mzee moja kwa moja. Mwaka 1905, miaka mitano baada ya Wajerumani kujenga lile Boma ambalo leo ni makumbusho hapa mjini Arusha, fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock alitoa risasi ya 9.3x62. Aliwafikiria wakulima na wawindaji wa Kijerumani waliokuwa Afrika. Walihitaji kitu cha kusimamisha mnyama mkubwa, lakini bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa ghali kupita kiasi. Bock hakubuni bunduki mpya. Alichukua kitako cha milimita 12, akapima urefu unaokubalika kwenye Mauser ya kawaida, akajaza nafasi hiyo kwa ganda pana na kichwa kizito cha gramu 18.5. Bolti ile ile, magazini ile ile, na presha ya bar 3,900 tu, chini ya .30-06.

Hii ndiyo maana ya kuiuliza bunduki kwanza. Bock aliuliza Mauser inaweza kubeba nini, kisha akatengeneza risasi inayojibu swali hilo, na zaidi ya karne moja baadaye bado inauzwa.

Mzee alipoambiwa habari hii macho yalimng'aa. Lakini kuna ukuta, na fundi alimweleza bila kumzungusha. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinaweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari kama nyati na tembo, na 9.3 ukiigeuza kuwa inchi ni .366. Hapo hakuna cha kujadili na askari wa wanyamapori porini. Kwa pofu au kuro, 9.3x62 ni risasi ya uhakika. Kwa nyati, hapa kwetu, hapana. Kabla mtu hajatoa hata shilingi ya mtutu, aende ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, aulize kaliba anayoifikiria inaruhusiwa kwa mnyama gani.

Mtutu wenyewe

Jina la kaliba si kipimo, na hili huwachanganya hata watu wa kazi. .270 hurusha kichwa cha inchi .277. .303 hurusha cha .311 au .312. .308 na .30-06 hurusha kichwa kile kile, milimita 7.82, ila maganda yao yanatofautiana urefu, moja milimita 51 na jingine 63. Mbaya kuliko zote ni 8x57 ya Kijerumani: mitutu ya awali ilitengenezwa kwa kichwa cha milimita 8.08, ya baadaye kwa 8.20. Mtu akirithi bunduki ya zama zile asiirushie risasi ya dukani mpaka mtutu upimwe.

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojizungusha, kazi yake kukizungusha kichwa kama pia ili kisiyumbe hewani. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi. Mitutu ya .30-06 kwa kawaida huzunguka mara moja kwa kila inchi 10, ya 6.5 Creedmoor, yenye vichwa virefu vyembamba, mara moja kwa inchi 8. Anayeagiza mtutu bila kusema atapiga vichwa vya uzito gani anacheza bahati nasibu.

Si lazima kila mara mtutu mpya ununuliwe. Wa zamani unaweza kutobolewa upana zaidi na kuchongwa mifereji upya, na chemba inaweza kurefushwa kwa rima, kifaa cha kuchongea tundu, iwe ya ganda refu zaidi. Ila kwa njia zote hizo chuma kinatolewa, hakirudishwi. .308 inaweza kuwa .30-06, lakini kinyume chake haiwezekani mpaka mtutu ukatwe nyuma na kutiwa thredi tena. Na mtutu wenye kutu iliyochimba kwenda chini haustahili kutobolewa.

Kutu ya mzee, kwa njia, haikutoka kwenye mvua peke yake. Risasi nyingi za zamani za kijeshi zilikuwa na fataki zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu hewani. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo huiyeyusha, kisha unakausha, ndipo unapaka mafuta. Baba yake alikuwa akipaka mafuta kila jioni kwa uaminifu kabisa, na chini ya mafuta hayo chumvi iliendelea kula chuma. Mzee alinyamaza kidogo aliposikia hivyo.

Unene wa karatasi

Sasa nije kwenye kazi inayomtenganisha fundi bunduki na fundi mwingine yeyote mwenye mashine ya kukereza. Wenyewe wanaiita hedispesi: nafasi kati ya uso wa bolti iliyofungwa na mahali ndani ya chemba panapozuia ganda lisiendelee mbele. Ikiwa fupi, bolti haifungi. Ikiwa ndefu, bolti inafunga vizuri, bunduki inapiga, na hatari imeshaanza.

Risasi inapolipuka, ganda hutanuka na kuta zake za mbele hung'ang'ania chemba. Kitako hakina cha kung'ang'ania, kwa hiyo hurudi nyuma mpaka kikutane na bolti. Nafasi ikizidi, shaba hunyooka juu kidogo ya kitako, inakuwa nyembamba, na siku moja inakatika. Gesi ya bar elfu nne inatafuta njia, na nyuma ya bolti kuna shavu la mtu.

Kwa .308, vipimo viwili vya chuma ambavyo fundi hutumia, kimoja ambacho lazima bolti ifunge juu yake na kingine ambacho lazima igome, vinatofautiana milimita 0.1. Chukua karatasi ya fotokopi uishike kwa vidole: unene wake ni huo. Fundi anachonga chemba kwa rima, anatoa, anasafisha, anapima, anarudia, na kadiri anavyokaribia ndivyo anavyotoa kidogo zaidi. Mwishoni nimemwona akikata kipande cha selotepu, akikibandika nyuma ya kile kipimo cha kwanza, na kuilaza bolti kwa kidole kimoja. Bila selotepu ilifunga kama mlango wa kabati. Na selotepu ikagoma katikati. Hapo akazima mashine.

Baada ya chemba kuna mambo madogo ambayo watu huyasahau: mtutu mnene zaidi unataka mfereji wa kitako cha mbao upanuliwe, risasi yenye teke kubwa inaweza kupasua mbao iliyokauka, na darubini itawekwa shabaha upya tangu mwanzo.

Jambo moja dogo kwa macho halisahauliki kamwe: muhuri. Kaliba mpya lazima ipigwe kwenye mtutu, isomeke, na isibaki alama ya zamani inayodanganya. Risasi ya 8x57 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06 na bolti ikafunga. Kichwa cha milimita 8.2 kinalazimishwa kupita kwenye mtutu wa 7.82. Anayeichukua bunduki miaka ishirini ijayo atasoma kilichoandikwa, hatakupigia simu.

Karatasi

Leseni ya silaha haitolewi kwa mtu tu. Inataja silaha fulani: aina yake, namba yake, kaliba yake. Ukibadili kaliba na karatasi ikabaki ile ile, umeshika silaha ambayo haifanani na leseni yako, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina lugha laini kwa hilo. Mtutu nao ni sehemu ya silaha. Hauagizwi kama kipuri cha pikipiki. Utaratibu ni kuanza polisi, kwa ofisi inayoshughulikia leseni za silaha katika mkoa wako, kabla ya kuagiza chochote. Na kazi ifanywe na mwenye leseni ya kuifanya. Karakana ya kukereza vyuma inaweza kuwa na mashine nzuri kuliko ya fundi wetu, lakini haina vipimo vile viwili, na haina ruhusa.

Mzee alisikiliza yote hayo kwa saa nzima, chai ikipoa. Mwisho akauliza swali ambalo nilitamani kila mteja aanze nalo: "Kwa hiyo hii bunduki yenyewe inataka nini?"

Fundi alimjibu kwamba inataka mtutu mpya wa .30-06. Leseni haibadiliki kaliba, bolti haiguswi, magazini haiguswi, na chuma cha mwaka ule hakibebeshwi mzigo wasioufikiria waliokitengeneza. Akitaka nyati, siku Mungu akimjalia, aombe leseni ya bunduki ya pili iliyozaliwa .375.

Vibali vilichukua muda. Mtutu ulipofika na kufungwa, tulikwenda nao eneo la shabaha. Mara ya kwanza bunduki haikushikwa na mtu: ilifungwa kwenye fremu, traiga ikavutwa kwa kamba ndefu, sisi tukiwa nyuma ya kinga. Fundi akalichukua ganda lililotoka, akalifuta, akaingiza ndani yake waya mwembamba wenye ncha iliyokunjwa. Akauburuta polepole kutoka chini kwenda juu, akitafuta kijifereji ambacho kingeonyesha shaba imenyooka. Akarudia upande wa pili, kisha akampa mzee waya ajaribu mwenyewe. Mzee alifumba macho ili asikie kwa vidole.

"Haukwami popote," alisema.

Fundi akafungua daftari, akaandika tarehe na namba ya bunduki, akamkabidhi risasi ya pili.